Bahari Inapanda au Shamba Linazama?



Juzi nilikuwa delta ya Rufiji. Mzee mmoja anayelima mpunga akanionyesha jaruba lake lililoota ukoko mweupe wa chumvi baada ya bamvua. Akaniuliza: "Bwana shamba, bahari ndiyo inapanda au ardhi yangu inazama?" Nikamjibu haraka haraka kwamba ni bahari. Njiani nikaona jibu langu lilikuwa nusu tu.

Iko hivi. Mkulima anaathirika na kimo cha bahari kikilinganishwa na ardhi yake. Tuseme bahari inapanda milimita 4 kwa mwaka na shamba linashuka milimita 5. Kwako wewe maji yamepanda milimita 9. Ardhi ikiinuka milimita 8, utaona bahari inarudi nyuma.

Mambo haya yapo kweli. Kule Stockholm, Sweden, ardhi ilikandamizwa na barafu nene zamani sana. Barafu iliyeyuka, na mpaka leo ardhi inaendelea kuinuka, kama godoro ukiondoka juu yake. Jakarta ni kinyume: watu wamevuta mno maji ya visima virefu, na sehemu za mji zimezama zaidi ya mita 4.

Delta nayo ina tabia yake. Ni tope laini, hujishindilia na kushuka polepole kwa uzito wake. Mafuriko ya mto ndiyo huleta tope jipya kufidia. Tope likizuiwa na bwawa huko juu, au matuta yakizuia mafuriko yasifike shambani, fidia inapungua.

Sasa tufanye nini?

1. Usikate mikoko kupanua shamba. Mizizi yake hunasa tope na kupunguza nguvu ya mawimbi.

2. Kisima cha karibu na pwani usikivute kupita kiasi. Maji ya chumvi huingia chini kwa chini, na ardhi laini inaweza kushuka. Ikishajishindilia, hairudi yote ilivyokuwa. Lakini kuacha kunasaidia: Tokyo walipodhibiti visima, kuzama kulipungua sana.

3. Pima chumvi kabla ya kupanda. Udongo ukizidi kipimo cha 3 dS/m, mavuno ya mpunga huanza kushuka. Miche michanga na mpunga unaochanua ndio huumia zaidi.

4. Maji baridi yakipatikana, jaza jaruba kisha yatoe, ili yaondoke na chumvi. Usifanye hivyo kama hakuna mfereji wa kuyatolea.

5. Uliza mbegu inayostahimili chumvi kabla ya msimu.

Yule mzee nitarudi kwake na kipimo, na jibu kamili safari hii. Nawe ukiona ukoko mweupe, mwite afisa ugani wako kabla hujamwaga mbegu.