Nyuki na Akiba ya Siku za Baridi

Bagamoyo ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Nchi hiyo iko juu, na kilele cha mlima Rungwe, ulio karibu, chafika mita 2,960 hivi. Masika mvua hunyesha sana. Kisha mwezi wa Juni na Julai huja baridi na ukungu, hata watu huota moto. Je, nyuki hufanyaje siku hizo, nao hawana nguo wala kuni?

Atakaye kujua, na asimame mbali kidogo kando ya mzinga, wala si mbele ya mlango, atazame kwa utulivu siku ya jua. Ataona nyuki wakirudi na vidonge vya manjano miguuni. Hiyo ni chavua, yaani unga wa maua, chakula cha watoto wao. Wengine huonekana hawana mzigo, kumbe wamebeba maji matamu ya maua tumboni. Maji hayo si asali bado. Nyuki huyatia katika vijumba vya masega, wakayapepea kwa mabawa hata yawe mazito. Asali iliyoiva, maji yake hayafiki sehemu moja katika tano. Ndipo hufunika kila kijumba kwa nta, kama mama afunikavyo chungu.

Tena huziba nyufa za mzinga kwa ulimbo wa miti. Chakula kikipungua, madume, wasiokusanya kitu, hufukuzwa nje.

Baridi ikizidi, nyuki husongamana pamoja, wakatetemesha misuli ya mabawa pasipo kuruka, na joto hutokea. Mahali walipo watoto, joto hukaa karibu na digrii 35. Nguvu za kazi hiyo hutoka katika asali waliyoila. Basi asali ndiyo kuni zao.

Katika misitu ya Marekani na Kanada yuko dubu mweusi, naye hujitayarisha. Kabla ya baridi hula matunda na kokwa mchana na usiku hata anenepe sana. Kisha huingia pangoni, akakaa miezi mingi bila kula wala kunywa. Akiba yake ni mafuta ya mwili wake, nayo haiibiwi. Lakini akiba ya nyuki imo mzingani, na mwanadamu aweza kuitwaa yote kwa siku moja.

Mrina asali mwenye pupa hukata masega yote, hata yenye watoto, akafurahia ndoo iliyojaa. Mvua na baridi zijapo, nyuki hawawezi kutoka, na ghalani hamna kitu. Hufa kwa njaa, au huhama wote. Mwaka wa pili yule mtu hukuta mzinga mtupu. Mwenye busara huyaacha masega ya watoto na asali ya kuwatosha nyuki. Hupata kidogo leo, lakini mwaka hata mwaka hurudi penye mzinga ule ule.

Wahenga walisema, “Akiba haiozi.” Lakini aliyeila yote hana akiba tena.

Maswali

1. Maji matamu ya maua hugeukaje kuwa asali?
2. Akiba ya dubu na akiba ya nyuki zatofautianaje?
3. Kwa nini mrina asali asikate masega yote?