Maneno na Picha Katika Vitabu vya Watoto

1. Mtoto anayezuia ukurasa

Mtu mzima akimsomea mtoto kitabu, mara nyingi hutazama maandishi peke yake. Akimaliza mstari wa mwisho hufunua ukurasa upesi. Mtoto huuzuia kwa mkono, naye mzazi hudhani ni ukaidi. Sivyo. Mkubwa amemaliza kusoma herufi, bali mtoto angali anasoma picha. Yafaa basi kujua kazi ya picha ni nini.

2. Picha inayoeleza neno

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, kilitolewa kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, maana yake «Ulimwengu wa vitu vionekanavyo, katika picha». Mtungaji wake alikuwa Comenius (1592–1670), mwalimu mzaliwa wa Moravia, nchi iliyo leo sehemu ya Ucheki. Yeye hakupenda watoto wakariri maneno ya Kilatini pasipo kujua yanataja kitu gani. Kwa hiyo aliweka picha juu ya somo, akavitia namba vitu vilivyochorwa; na namba ile ile ikaandikwa penye jina la kitu, kwa Kilatini na kwa Kijerumani. Hapa picha ni shahidi wa neno: vyote viwili vyasema jambo moja.

3. Picha inayosema yasiyoandikwa

Lakini picha yaweza kufanya zaidi. Mwaka 1968 Pat Hutchins, mwandishi na mchoraji Mwingereza, alitoa kitabu Rosie's Walk, yaani «Matembezi ya Rosie». Rosie ni kuku. Maandishi yote ni sentensi moja ya maneno 32: kuku anatoka kutembea, anapita huku na huku shambani, anarudi kwa wakati wa chakula. Hayo tu.

Tena katika picha yumo mbweha anayemnyemelea kuku tangu mwanzo. Anaruka amkamate, anakanyaga reki, mpini unampiga usoni. Anaruka tena, anatumbukia bwawani. Baadaye kamba inamnasa Rosie mguuni, naye pasipo kujua anaivuta, na unga unammwagikia mbweha. Mwishowe nyuki wanamfukuza mbali. Maandishi hayamtaji mbweha hata mara moja! Asomaye herufi tu atasema ni habari ya kuku aliyetembea. Atazamaye picha ndiye ajuaye hatari, ndiye achekaye.

4. Kila kimoja hunyamaza kwa zamu

Katika kitabu cha Mmarekani Maurice Sendak, Where the Wild Things Are, cha mwaka 1963, mtoto Max ananyimwa chakula cha jioni kwa utundu wake. Chumba chake chageuka msitu, naye asafiri mpaka kwa madude ya kutisha. Picha za kwanza ni ndogo. Zaongezeka kidogo kidogo, hata wakati wa kucheza ngoma na madude zinajaza kurasa zote mbili, wala hapana neno. Ukurasa wa mwisho, kinyume chake, hauna picha: maneno machache tu juu ya chakula kilichomngoja Max.

5. Namna ya kumsomea mtoto

Mzazi na akae mahali ambapo wote wawili wanaona picha. Kabla ya kufunua, na amwulize mtoto: «Unaona nini?», kisha angoje jibu. Asimtangulie kumwonyesha mbweha, kwa maana atamnyang'anya furaha ya kumgundua. Mzazi asiyejua kusoma naye asikiache kitabu akidhani hakimhusu. Aweza kufuata picha pamoja na mtoto, wakasimuliana. Na mtoto asiyejua bado herufi moja hujifunza jambo kubwa: kwamba macho yake yameona kweli, na wakubwa wamemsikiliza.

Maswali

Je, picha ni pambo la kitabu tu?
Sivyo. Mara hueleza neno, mara husema lisiloandikwa.

Katika «Matembezi ya Rosie», nani hamjui mbweha?
Rosie, pamoja na msomaji asiyetazama picha.

Mtoto akizuia ukurasa, mzazi afanye nini?
Angoje, atazame pamoja naye.