Simu Zinapokezana Ujumbe



Wahenga walisema: Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siku hizi hata simu zinaweza kupokezana habari bila mnara, bila vocha na bila intaneti. Katika somo hili tutajifunza jinsi zinavyofanya hivyo.

Kwa nini tujifunze?

Kwa kawaida simu yako haizungumzi na simu ya jirani moja kwa moja. Hata kama mnakaa ukuta kwa ukuta, ujumbe wako huenda kwanza mnarani, kisha hurudi kwake. Mnara ukinyamaza, nyote wawili mmenyamaza.

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019, tufani iitwayo Idai iliupiga mji wa Beira, nchini Msumbiji. Umeme na simu vilikatika. Watu walishindwa kuita msaada. Ndugu waliokuwa mbali hawakujua nani yu hai. Mara nyingine intaneti huzimwa. Ilitokea Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025.

Kazi hii hufanyikaje?

Ndani ya simu ya kupangusa kuna redio ndogo iitwayo Bluetooth. Watu wengi huitumia kurushiana nyimbo na picha. Redio hii haihitaji mnara, lakini haifiki mbali. Penye nyumba na miti mara nyingi hufika mita 10 hadi 30 hivi. Mahali peupe huweza kufika mbali zaidi.

Basi, ujumbe utafikaje mbali? Kumbuka nyumba inapoungua. Watu hujipanga mstari na kupokezana ndoo za maji. Simu nazo hufanya hivyo. Simu ya kwanza huipa ya pili, ya pili huipa ya tatu. Kila simu hukumbuka ujumbe iliokwisha kuupitisha, ili usizunguke bila mwisho. Simu zikiwa nyingi huwa kama wavu wa kuvulia samaki. Uzi mmoja ukikatika, ujumbe hupita uzi mwingine.

Simu huhitaji programu ya kazi hii. Mwaka 2014 watu wengi wa Hong Kong walitumia programu iitwayo FireChat wakati wa maandamano. Mwaka 2025 ilitolewa nyingine iitwayo Bitchat. Katika Bitchat ujumbe hupokezwa mara 7, kisha husimama.

Tupige hesabu

Tuseme kila mruko ni mita 30.
Miruko 7 × mita 30 = mita 210.
Zahanati iko mita 600 kutoka kwako.
600 − 210 = mita 390 zimebaki.

Ujumbe hautafika. Ziko programu zinazotunza ujumbe mpaka simu zikutane. Mwenye simu akienda njia ya zahanati, ujumbe husafiri naye. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hasubiri. Tuma ujumbe, na tuma mtu pia.

Mambo ya kuangalia

1. Weka programu mapema. Siku intaneti imekatika, kuipata ni shida.
2. Simu ya kitochi haiwezi kazi hii.
3. Simu moja haifanyi wavu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Majirani wawe na programu ileile, na Bluetooth iwe imewashwa.
4. Tunza chaji. Simu iliyozimika ni uzi uliokatika.
5. Usiamini kwamba kila programu inatunza siri. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walichunguza programu iitwayo Bridgefy. Waligundua kwamba mtu mwingine angeweza kusoma ujumbe usio wake.
6. Uvumi nao hupita katika wavu huohuo. Kabla ya kukimbia au kumshtaki mtu, uliza: Nani ameona kwa macho yake?

Maswali

1. Kwa kawaida ujumbe wa simu hupita wapi kwanza?
2. Kwa nini simu zilizounganika zimefananishwa na wavu?
3. Kama kila mruko ni mita 20, miruko 7 ni mita ngapi?
4. Kwa nini tutume mtu pamoja na ujumbe?

Kazi ya kikundi

Hesabuni simu za kupangusa katika kitongoji chenu. Pimeni kwa hatua umbali kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka zahanati. Andikeni mahali penye pengo kubwa. Kisha kubalianeni: siku mnara ukinyamaza, nani atakwenda kwa miguu kuvusha habari penye pengo hilo? Andikeni jina lake, na la mtu wa kumsaidia.