Twende kijijini na joto hili? Uliza kwanza habari za usiku

Shule zikifungwa Desemba, simu za wazazi huanza kuingia. Dar es Salaam inafukuta, watoto wametoka harara shingoni, umeme umekatika tangu saa nne, na kijijini bibi ameshachagua kuku wa kuchinja. Wote huuliza jambo moja: twende, au tuahirishe? Mimi ni daktari wa watoto, na mwenyewe nina wazee wanaonisubiri kijijini, kwa hiyo naujua uzito wa pande zote mbili. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Daktari, joto hili ni la kawaida yetu au kuna kitu kimebadilika?

Yote mawili. Kila mwaka jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili: kwa Dar es Salaam ni mapema Oktoba likienda kusini, na mapema Machi likirudi kaskazini. Ndilo jua la utosi. Kati ya vipindi hivyo viwili pwani hushika joto, na unyevu wa bahari hulifanya kuwa fukuto. Hilo tumezaliwa nalo. Lakini dunia nzima nayo inapanda joto. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, nyuzi 1.55 hivi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Kwa hiyo msimu wetu wa joto unaanzia mahali pa juu zaidi kuliko ule wa babu zetu. Wimbi la joto ni pale siku kadhaa zinapofuatana zikiwa na joto lisilo la kawaida ya mahali hapo, na usiku nao ukakataa kupoa.

Mbona unautaja usiku? Jua si la mchana?

Mchana mwili hupambana, usiku hupumzika. Joto likizidi, moyo husukuma damu nyingi kwenye ngozi, na jasho hutoka ili likauke na kuondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, linachuruzika tu, na kazi yote ya moyo inakuwa bure. Mtu akilala mahali penye ubaridi kidogo, moyo unapata nafuu. Akilala kwenye fukuto usiku tatu mfululizo, anaamka akiwa ameshachoka kabla jua halijatoka. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku, hasa kwa watoto wachanga na wazee. Pwani katika miezi hii 24 ya usiku ni nadra, na ndiyo maana safari ya kijijini yaweza kuwa dawa au yaweza kuwa sumu. Inategemea kijiji kiko wapi na mtalala ndani ya nini. Ukisikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiishie kwenye kiwango cha juu cha joto. Sikiliza na kile cha chini, maana hicho ndicho cha usiku.

Mimi nina nyumbani kwetu Lushoto, mume wangu kwao ni Dodoma. Twende wapi?

Dada yangu, kwa joto peke yake Lushoto inashinda. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa nyuzi 6 hivi, na Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Abiria wa njia ile wanaijua tofauti hii mwilini: Mombo, chini ya milima, shati limegandana na mgongo, na kabla hamjamaliza kona za kupanda mtu anauliza sweta liko wapi. Ni hivyo hivyo ukitoka tambarare za Same kwenda Marangu.

Dodoma nayo si mbaya kama inavyosemwa. Iko mita 1,100 hivi, mchana jua huunguza, lakini hewa ni kavu na usiku kwa kawaida hupoa. Hatari yake ni nyingine. Kwenye hewa kavu jasho hukauka kabla hujaliona, na mtoto hupoteza maji bila kulowa. Huko mnywe kwa saa, msingoje kiu.

Nikimpigia bibi simu, nimuulize nini hasa?

Muulize mambo matatu. La kwanza, wanalalaje. Nyumba ya udongo na nyasi hukaa na ubaridi hadi jioni. Ya bati lisilo na dari hupokea jua kutwa na kulirudisha kwenye vitanda usiku. Akikwambia siku hizi wanakaa nje hadi saa sita ndipo waingie kulala, umeshapata jibu: kwa watoto wako chumba kile hakifai, labda kama kuna kingine chenye dari na madirisha yanayotazamana.

La pili, maji. Kisima kina maji, au yanafuatwa mbali kwa ndoo? Wageni sita kwenye nyumba yenye uhaba wa maji ni mzigo kwa bibi, na mzigo huo atauficha asionekane amewanyima.

La tatu, zahanati iko umbali gani, na usiku nani ana chombo cha kuwafikisha. Namba ya mwenye pikipiki au gari iwe kwenye simu yako kabla hamjaondoka.

Mwanangu ana miezi minne. Naogopa upepo wa safarini utampiga.

Mama, hofu hiyo naikuta kila msimu. Wakati fulani nilikuwa kwenye basi, saa saba mchana, na mbele yangu mama amempakata mwanawe. Mtoto ana kofia ya sufu, soksi, sweta, na juu yake kanga imekunjwa mara mbili. Alikuwa ametulia, na mama akafurahi kwamba analala vizuri. Nilipomgusa kifuani alikuwa wa moto, mashavu yamekuwa mekundu, midomo imekauka. Tulimvua vyote, tukamfuta kwa kitambaa cha maji, tukampepea. Baada ya muda alilia, akashika titi, akanyonya hadi akatoka jasho la pua. Kilio kile kilinifurahisha kuliko utulivu wake.

Mtoto mchanga hawezi kusema, na tezi zake za jasho bado hazijakomaa. Mvishe nguo moja nyepesi ya pamba. Usimfunike uso kwa mtandio mzito, maana humzuia hewa. Akiwa chini ya miezi 6 hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama unywe zaidi. Ukiona nepi inakaa saa sita ikiwa kavu, utosi umebonyea, au mtoto amelegea na hataki kunyonya, usingoje kesho.

Mama mkwe ana presha na kisukari. Tukae naye mjini au tumrudishe kwao akapumzike?

Kwanza aende kliniki kabla ya safari, asipunguze wala kuacha dawa kwa uamuzi wake. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na joto likiongezeka maji ya mwili hupungua haraka. Daktari wake ndiye wa kurekebisha.

Pili, angalia choo. Wazee wengi huacha kunywa maji tangu alasiri kwa sababu choo kiko nje, giza limeingia, na hawataki kumwamsha mtu. Hawasemi, ni heshima yao. Mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani, mpe tochi, na mjukuu mmoja alale karibu. Utashangaa namna atakavyorudia kunywa maji.

Kama anachoma insulini, ile ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Pasipo na friji, chungu cha udongo kilicholoweshwa na kuwekwa kivulini penye upepo husaidia kuipoza, kama mtungi unavyopoza maji. Isiwekwe juu ya barafu: ikiganda imeharibika.

Mke wangu ana mimba ya miezi minane.

Kaka, hapa nakuomba msiende. Joto kali huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati, na safari ndefu ya kukaa kitako huvimbisha miguu na kuchosha. Akijifungulia njiani au mbali na hospitali, likizo inageuka kuwa msiba. Kijiji kitawapokea mkiwa watatu.

Tukiamua kwenda, tusafiri saa ngapi?

Ondokeni alfajiri, ili saa sita mchana iwakute mmefika au mmepumzika kivulini. Usiku kuna ubaridi, lakini dereva mwenye usingizi anaua kuliko jua. Wanaokwenda Dodoma wana treni ya SGR, yenye kiyoyozi. Wa gari binafsi washike jambo hili kwa moyo wote: mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama, hata kwa kununua machungwa. Gari juani huongezeka nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii.

Tukifika, watoto wanataka kulala nje. Ni sawa?

Barazani kuna hewa, ndiyo, ila chandarua kitoke nao. Kila msimu wa joto napokea watoto ambao familia ilikitupa chandarua pembeni kwa sababu kinaziba upepo. Kitundike popote wanapolala, hata kwenye mwembe. Mchana nao, maji ya bwawa yatawaita. Asiende mtoto bila mtu mzima anayejua kuogelea, na maji yaliyotuama yanayojulikana kwa kichocho wasiyaguse kabisa. Waogesheni nyumbani kwa ndoo na kopo.

Mtoto akichemka, nitajuaje kama ni joto au malaria?

Kwa mkono hutajua. Akiwa amechoka, anatoka jasho, kichwa kinamuuma lakini anaongea vizuri, mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mloweshe, mpe maji au ORS iliyochanganywa kwa kipimo cha pakiti. Akipata nafuu ndani ya nusu saa, huenda ulikuwa uchovu wa joto. Homa ikibaki, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Akianza kuweweseka, kuyumba, kutapika mfululizo, kushikwa na degedege au kuzimia, hiyo ni hatari ya kweli. Huenda ni kiharusi cha joto, ambapo mwili hufika nyuzi 40 na zaidi, au ni malaria kali. Vyote viwili ni vya hospitali. Mkiwa njiani endeleeni kummwagia maji na kumpepea, kanga mbichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, na Panadol haitibu kiharusi cha joto.

Tunaishi Ujerumani. Tunakuja Desemba, tunapitiliza hadi kijijini Lindi. Watoto watahimili?

Watahimili mkiwapa muda. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto, na nyinyi mnatoka kwenye baridi kali moja kwa moja. Siku za kwanza ndizo mbaya, nazo ndizo ambazo kila ndugu anataka kuwatembeza. Waombeni radhi mapema. Wiki ya kwanza matembezi yawe asubuhi na baada ya alasiri, mchana mkae kwenye jamvi kivulini na hadithi za babu. Watoto hawatapungukiwa kitu.

Sasa sema wazi: lini tuseme hapana?

Semeni hapana kama kuna mimba kubwa, popote mwendako; na pia kama kuna mtoto njiti au mgonjwa wa moyo au figo, na huko mwendako usiku haupoi, maji ni ya shida, au zahanati iko mbali. Moja kati ya hayo matatu linatosha. Na kusema hapana si kumkana bibi. Likizo ya Juni ipo, kusi linavuma, usiku watu wanajifunika. Mwambieni mtakuja Juni, mtumieni nauli ya Krismasi anunue sukari na mchele, na mkiweza ongezeni ya kuweka dari chumbani kwake. Yeye ndiye atakayebaki chini ya bati lile sisi tukishaahirisha.

Kama hakuna mgonjwa, usiku unapoa, maji yapo na zahanati iko karibu, nendeni. Nyumba nyingi za mjini ni za moto kuliko za kijijini, na mtoto aliyekaa miezi mitatu kwenye chumba kisicho na dirisha la pili anaihitaji hewa ile.

Wazee wetu wakiamka hawaanzi na hali ya hewa. Huulizana habari za usiku, umelalaje, watoto wameamkaje. Mpigie bibi kesho asubuhi mapema, umuulize hivyo hivyo, halafu usikubali akujibu "nzuri" tu. Mngoje aeleze.