SOMO LETU: TUSOME KIBAO CHA DALADALA

Wengi wetu hapa Usagara huenda Mwanza mjini. Tukitaka kufika Rock City Mall, lile jengo kubwa la maduka, tunapanda daladala ya mjini. Tunapita Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni na Igogo. Mjini tunapanda gari jingine, la Barabara ya Makongoro, linaloelekea uwanja wa ndege. Jengo liko njiani. Kuingia ni bure.

Lakini tuangalie! Mpiga debe anaweza kukusukuma garini kwa kelele tu. Tusikubali. Kwanza tusome kibao cha mbele. Kisha tumuulize kondakta nauli. Anayepotea njia hulipa mara mbili, akakosa nauli ya kurudi.

Swali: Kabla ya kupanda gari utasoma nini?