Damu kwenye mkojo: ni gono au kichocho?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 19, naishi Igogo, Mwanza, ila nimekulia kijijini Misungwi, tukichota maji lamboni na kupanda mpunga. Nikikojoa, matone ya mwisho huwa na damu, na tendo la ndoa linaniuma. Shoga yangu anasema ni gono. Naona aibu kwenda hospitali.*
*Binti wa Igogo*

Marahaba, binti. Hofu yako ni gono, lakini kwa dalili hizo, na kwa lambo na majaruba uliyoyataja, mimi nafikiria kichocho kwanza. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Minyoo ikikomaa hutaga mayai; mengine hunasa kwenye kibofu na njia ya uzazi, yakaleta vidonda na damu. Hakiambukizwi kwa kujamiiana, ila vidonda hivyo vinaweza kurahisisha maambukizi ya VVU.

Nenda kituo cha afya ukapime mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Mtajie mhudumu hilo lambo. Mayai yasipoonekana, omba uchunguzi wa shingo ya kizazi. Pima pia gono, kaswende, VVU na ujauzito, maana ugonjwa mmoja hauzuii mwingine.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, hutolewa kulingana na uzito. Antibayotiki za kubahatisha dukani haziui minyoo.

Ukipata homa, maumivu makali chini ya kitovu au damu nyingi, wahi hospitali siku hiyohiyo.