Jifunze: Kufuatilia Migodi Midogo ya Dhahabu kwa Simu

Mkazi wa Migori, hasa wewe wa Nyatike na vijiji vinavyouzunguka mgodi wa zamani wa Macalder, unajua uchimbaji mdogo unavyokwenda. Leo kikundi kinachimba hapa. Dhahabu ikipungua, kinahamia pale. Shimo la kwanza hubaki wazi. Mvua ya masika ikinyesha, hujaa maji na nyasi hulificha. Ng'ombe hutumbukia, na siku nyingine anayetumbukia ni mtoto aliyetumwa mtoni.

Malalamiko haya hufika kwenye baraza, lakini mara nyingi husemwa tu kwamba "kuna shimo karibu na njia ya mtoni." Njia ni nyingi, na mashimo ni mengi. Afisa akija bila mwenyeji, halioni. Somo hili linaeleza jinsi simu inavyoweza kuligeuza lalamiko hilo kuwa taarifa inayofuatilika.

Kwa nini simu?

Picha za setilaiti za Sentinel-2 hupatikana bure na huchukuliwa takriban kila siku tano. Lakini kila nukta ya picha hiyo hufunika mita 10 kwa mita 10. Eneo kubwa lililochimbuliwa huonekana. Mlango wa shimo wenye upana wa mita moja, tena uliofunikwa kwa turubai, hauonekani. Anayeujua ni mtu apitaye hapo kila siku.

Programu kama ODK Collect na KoboCollect ni za bure. Ukishapakua fomu, unaweza kuijaza mahali pasipo na mtandao, kisha ukaituma ukifika penye mtandao.

Hatua za kufuata

1. Usalama kwanza. Usiingie shimoni wala kusimama ukingoni, kwa kuwa udongo wa ukingo huweza kuporomoka. Simama hatua kumi nyuma na uandike shimo liko upande gani wa ulipo.

2. Omba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa viongozi wa wachimbaji. Waeleze unachoandika na taarifa itapelekwa wapi.

3. Washa huduma ya mahali kwenye simu na usimame pasipo na miti wala paa. Subiri hadi programu ionyeshe usahihi wa mita 5 hivi. Ukiharakisha, unaweza kuandika shamba la jirani.

4. Jibu maswali yale yale kwa kila shimo: Linatumika au limeachwa? Lina uzio? Liko umbali gani kutoka njia, shule, kisima au mto? Je, zebaki inatumika hapo?

5. Piga picha ya shimo, si ya nyuso za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi.

Makosa mawili ya kuepuka

Tuseme simu inaonyesha -0.96512, 34.28340. Nambari ya kwanza ina alama ya kutoa kwa sababu Migori iko kusini mwa ikweta. Ukisahau alama hiyo, shimo lako linahama zaidi ya kilomita 200 hadi upande wa Mbale, Uganda.

Usikate tarakimu pia. Tarakimu tano baada ya nukta huonyesha mahali kwa takriban mita moja. Ukibakiza mbili, umeacha nafasi ya zaidi ya kilomita moja, na hapo afisa ameanza tena kutafuta njia ya mtoni.

Kurudi ndiko kufuatilia

Kuandika shimo mara moja ni kulihesabu tu. Kufuatilia ni kurudi pale pale baada ya mwezi, na tena baada ya mvua, ukajibu maswali yale yale. Hapo ndipo utaona kama shimo lililoachwa limefukiwa, kama ukingo umesogea kuelekea njia, au kama kidimbwi cha kusafishia dhahabu kimekaribia kisima.

Jambo la kidimbwi si dogo. Zebaki hudhuru neva na figo, na pia mtoto aliye tumboni. Ikiingia majini, hubadilika na kujikusanya ndani ya samaki. Mto Migori huungana na Mto Kuja, na maji hayo huishia Ziwa Viktoria, tunakovua.

Ramani na sheria

Wachimbaji wengi huogopa kwamba ramani ni njia ya kuwafukuza. Ifahamike kwamba nukta kwenye ramani haihalalishi mgodi wala kuuharamisha. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, kinachohitajika ni kibali, ambacho hutolewa na Serikali ya Kitaifa kupitia ofisi yake ya madini katika kaunti. Sheria hiyo pia imeweka kamati ya uchimbaji mdogo katika kila kaunti, inayoshauri kuhusu kutoa na kufuta vibali.

Ramani humfaa mchimbaji pia. Mgodi unapoporomoka, waokoaji huuliza kwanza: milango iko wapi, na upi unatumika? Jibu likiwa tayari kwenye simu ya kiongozi wa kikundi, muda wa kuokoa maisha haupotei kwa kuulizana.

Anza na shimo moja

Chagua shimo moja lililoachwa karibu na njia ya watoto wa shule. Andika mahali, tarehe na hali yake, kisha umpelekee naibu wa chifu au msimamizi wa wadi yako. Hifadhi nakala. Mwezi ujao rudi ukaandike tena. Kama bado liko wazi, utakwenda barazani ukiwa na tarehe mbili na picha mbili za mahali pamoja, na itakuwa vigumu kwa yeyote kusema hakujua.